Nyumba za Marudio

Mutalemwa alikuwa mtakwimu wetu, na mpaka leo nikimsikia mtu anasema namba hazidanganyi, mkono unaniwasha. Sawa, hazidanganyi. Lakini mwenye namba anaweza kusema ukweli mtupu mahali pasipostahili, watu wakafa, naye akabaki ameushika ukweli wake anashangaa. Niliyaona hayo kwa macho yangu kwenye kisiwa kimoja cha Muleba. Jina la kisiwa silitaji, maana wapo waliokuwa wanaishi pale ambao hawakuwa na kosa lolote.

Ilikuwa mwaka 1988. Tulikuwa wanne katika mradi, na ofisi yetu ilikuwa Bukoba mjini. Dokta Ishengoma alikuwa mkuu wetu, daktari wa magonjwa ya kuenea, mtu mpole mwenye sauti ya padri. Mutalemwa alikuwa na kompyuta, ya kwanza wengi wetu kuiona, na alikuwa akiifunika kitambaa kila jioni. Kokushubila alikuwa mtu wa sosholojia. Yeye alikwenda kuishi na watu, akala nao, akawauliza mambo ambayo mimi ningeuliza ningetolewa meno. Na mimi Burhani ni mtu wa maabara. Natoboa mikono ya watu, nachukua damu, naipima. Wafadhili walituita timu ya taaluma mchanganyiko. Sisi wenyewe tuliitana majina mengine, kutegemea siku ilivyoamka.

Kazi ilikuwa moja: kujua ni watu wangapi mkoani wana Juliana. Ndivyo Ukimwi ulivyoitwa kwetu, kwa jina la kitambaa cha magendo kilichovuka kutoka Uganda. Waliokivaa na kutamba nacho ndio walioanza kukonda. Nyumba za kupima zilichaguliwa kwa kura, na kura ilipigwa na kompyuta. Chupa za damu zilikuwa na namba bila majina, na hakuna mtu aliyepewa jibu lake. Hilo Dokta Ishengoma alilishika kama amri ya Mungu. Dawa hazikuwapo wakati ule, na kumwambia mtu ana Juliana ilikuwa sawa na kumchimbia kaburi uani kwake kisha ukaaga ukaenda zako.

Kisiwani waliishi wavuvi, wengi Wasukuma kutoka ng'ambo ya ziwa, na wanawake waliouza chakula na kukausha dagaa. Mkubwa wa kambi na mwenyekiti wake alikuwa Maige, mwenye nyavu na mitumbwi. Alikwenda na mgambo kwenye vita vya Amin, akafika hadi Kampala, akarudi na mguu unaochechemea na firimbi ambayo hakuivua shingoni. Kambi aliiendesha kijeshi. Safari yetu ya kwanza nilimwona akimvunja mvuvi vidole kwa sababu alikata wavu kwa uzembe. Aliviweka juu ya ukingo wa mtumbwi akavigonga kwa mpini wa kasia, kimoja kimoja, huku anaongea na Dokta habari za bei ya sato. Dokta alitazama pembeni. Sote tulitazama pembeni, kwa kuwa tulihitaji ruhusa yake.

Kokushubila hakutaka kulala kwa Maige. Alifikia kwa Paskazia, mwanamke wa Nshamba mwenye mgahawa wa mabati karibu na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Paskazia alimkimbia mume aliyekuwa akimpiga, akaja kisiwani na sufuria mbili, na ndani ya muda mfupi watu walikuwa wanapanga foleni kwa ndizi zake na samaki. Mdomo wake haukuwa na breki. Alinitania kwamba mimi ni mbu aliyesoma. Koku alilala kwake siku nyingi, wakaitana munywani, yaani rafiki kwa Kihaya, na ukiwasikia wakicheka ungesema walizaliwa tumbo moja. Paskazia ndiye aliyewashawishi wanawake wenzake watoe damu.

Damu ilitolewa vizuri, bila kelele. Balaa lilianza Bukoba. Umeme ulikatika, dizeli ya jenereta haikupatikana mji mzima, na sanduku moja la chupa za kisiwani likaoza. Nilipofungua kifuniko harufu ilinitoa machozi. Masanduku mengine yalinusurika, lile halikufaa hata kutazamwa.

Tukakaa mezani. Dokta alitaka tuchague nyumba nyingine kisiwani, yaishe. Mutalemwa akakataa.

"Nyumba zile zilitoka kwa kura," alisema. "Ukiziacha ukachukua zilizo karibu, hiyo siyo kura tena, ni mapenzi yako. Utawapata wanaojiona wazima na wanaopenda wageni. Picha itakuwa ya uongo. Lazima turudi kwenye nyumba zilezile, na zilezile tu."

Alikuwa na haki. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba alikuwa na haki, na hata mimi niliitikia kwa kichwa. Koku akasema sawa, turudi, lakini kwanza tuitishe mkutano wa kambi, tuwaambie damu imeharibika, tuombe radhi. Dokta akasita. Alisema maneno husafiri kwa mabasi yote yanayopita Muleba. Tayari kulikuwa na watu waliosema tunauza damu. Wakisikia tunaiozesha, nani atatunyooshea mkono tena?

"Tutasema ni marudio ya kawaida," aliamua. "Na tuwape sabuni mara mbili ya mwanzo, kama shukrani."

Koku alibishana, kisha akanyamaza. Mkubwa akishasema, mdogo humeza mate.

Tuliondoka Kemondo kwa mashua ya injini, ziwa limetulia, Mutalemwa ameshika ramani yake ya kambi magotini. Tukaanza na kibanda cha Ndalahwa, fundi wa nyavu, mtu wa makamo mwenye kikohozi cha tumbaku. Aliishi na mdogo wake, Mayenga. Nilimtoa damu, nikampa miche miwili ya sabuni, akaiweka juu ya paa ikaonekana na dunia nzima. Tukaruka vibanda kadhaa, tukaingia kingine. Tukaruka tena. Watu wakaanza kutufuata.

"Mbona kwangu hamji safari hii?" mvuvi mmoja aliuliza.

"Kwako hapana haja," Mutalemwa akamjibu.

Yule mvuvi akacheka kicheko kirefu cha mtu aliyepona, akawapiga wenzake mabega. Hapo nilipaswa kushtuka. Mwingine akauliza ni nani anayechagua.

"Kompyuta," Mutalemwa alisema, na kwa kuwa alipenda kufundisha, akaendelea. "Ipo Bukoba. Yenyewe ndiyo iliyozitoa nyumba hizi. Sisi hatuongezi wala hatupunguzi, tunakwenda inapotutuma."

Kila neno lilikuwa kweli. Na kila mtu pale alisikia kwamba mashine ya Bukoba ilikunywa damu ya kambi nzima, ikawatambua wenye Juliana, na sasa sisi tumekuja kuwaonyesha kwa vidole, tukiwagawia wagonjwa sabuni ya ziada. Nilitazama nyuma nikaona umati umegawanyika. Waliokuwa wamerukwa walisimama pamoja. Wale wa marudio walisimama mmoja mmoja, na nafasi imewazunguka.

Maige alikuwa amesimama anasikiliza. Mwezi uliopita alimzika mke wake mdogo, binti wa Kihaya aliyekonda mpaka akawa anabebwa kwa kanga. Upande wa shingo yake, chini ya kamba ya firimbi, niliona malengelenge mapya ya mkanda wa jeshi. Mtu wa kazi yangu akiyaona hayo kwa mwanaume mwenye nguvu zake hujua anachokitazama. Maige naye, nadhani, alikuwa anajua. Aliitia firimbi mdomoni akapuliza.

Sijui aliwafundisha lini, lakini walijua la kufanya. Wengine walikimbilia mwaloni wakaisukuma mashua yetu mbali na kumshika nahodha. Wengine walizunguka kibanda cha Ndalahwa wakamburuta nje kwa miguu, bado ana pamba niliyomwekea mkononi. Mayenga alimrukia mmoja wao akapigwa tofali la uso, kisha watu wawili wakamkalia.

"Daktari," Maige alisema, kwa heshima kabisa. "Huyu anao?"

Dokta Ishengoma alikuwa ametoka jasho. "Mwenyekiti, waambie watu wako wamwache. Hatutoi majibu ya mtu mmoja mmoja. Ni sharti la kazi. Hata nikitaka siwezi."

"Kwa hiyo majibu yapo."

"Sikusema hivyo. Nimesema hatutoi."

"Angekuwa mzima ungesema mzima," Maige alimwambia. "Neno zuri halifichwi."

Akampiga Ndalahwa kasia la kwanza yeye mwenyewe, begani, na mfupa ukasikika. Ndalahwa hakupiga kelele mwanzoni. Alisema kwa mshangao, "Jamani, mimi nawashonea nyavu," kana kwamba walikuwa wamemsahau na akiwakumbusha wataacha. Kisha makasia yakaja mengi. Waliopiga walikuwa watu waliokula naye juzi. Walipiga bila matusi, wameuma meno, wakipokezana, na damu ilipoanza kuruka waliruka nyuma kuikwepa, wakaogopa kumgusa, wakaanza kutumia mawe. Jiwe lililommaliza lilikuwa la nanga. Alilibeba mtu ambaye asubuhi alinisaidia kushusha sanduku langu.

Nilisimama pale na sindano zangu. Nilikuwa na jina la Maige kwenye ulimi. Ningeweza kupaza sauti niseme tazameni shingo ya mkubwa wenu, mjue nani anao, na nina hakika wangemgeukia. Sikusema. Sijui kama ulikuwa wema au woga, na nimechoka kujiuliza.

Paskazia alikuwa ametoka mlangoni kwake na mwiko mkononi, anawatukana. Alisema wote ni wauaji, na akamtaja Maige kwa mambo ambayo mwanamke anaweza kuyajua kuhusu mwanaume. Kibanda chake kilikuwa kwenye ramani ya marudio, zamu ya pili kutoka mwisho. Hatukuwa tumekifikia. Lakini Maige alimpokonya Mutalemwa ile ramani, akaona alama kwenye mgahawa, akainua kichwa taratibu.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Mimi nimelala kwako. Nikatoka kwako nikaenda kwa mke wangu. Kumbe ni wewe uliyemuua."

"Ulikuja ukapiga mlango teke," Paskazia alimjibu. "Usiseme ulilala kwangu kama mtu aliyekaribishwa."

Maige alimpiga kwa ubapa wa kasia usoni. Paskazia akaanguka chali kwenye jiko lake, sufuria ya mafuta ikamwagika, akajiviringisha kuyakimbia, na kila alipojiviringisha alikuta mguu wa mtu. Walimpiga mbavu. Mwanamke mmoja, ambaye Paskazia alimshika mkono siku ile anaogopa sindano, alimwaga mchanga wa moto wa jikoni kifuani kwake. Kasia likaja tena, safari hii kwa ncha, na jicho lake la kushoto likaenda.

Kokushubila alipita katikati yao. Sikumwona alivyopita. Nilichokiona ni kwamba alikuwa amelala juu ya Paskazia, mgongo wake umewaelekea, na kasia moja lilikuwa limeshampata kichwani.

"Huyu mzima," alisema. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayesoma tangazo. "Majibu yake nimeyaona. Paskazia ni mzima. Mtaua mtu mzima."

Makasia yakasimama hewani. Maige akageuka, akampita Dokta, akaja kwangu.

"Wewe ndiye mwenye damu. Anasema kweli?"

Nikamwona Mutalemwa anafungua mdomo. Nilimjua. Alikuwa anakwenda kusema damu imeoza, hatujui lolote, na ungekuwa ukweli, na wangemmaliza Paskazia na Koku juu yake, pengine na sisi. Nikamkanyaga mguu kwa uzito wangu wote.

"Kweli," nilisema. "Mzima kabisa."

"Basi kwa nini yumo kwenye ramani?"

Uongo una tabia moja mbaya, ukizaa haukuulizi uko tayari kulea. Nikasema la kwanza lililonijia, na lilinijia kwa lugha ya kazi yangu. "Kompyuta inataka wazima na wagonjwa, iwalinganishe. Imechagua wa huku na wa huku."

Maige alilitafakari hilo. Lilimwingia akilini, ndiyo taabu yake. Watu wote walilielewa, nikaona vichwa vikitikisika. Kisha akanyoosha kasia lake kumwelekea Ndalahwa, aliyekuwa amelala chali, uso wake haupo tena.

"Na huyu alikuwa wa wapi?"

Hapakuwa na upepo. Watu wale walikuwa wanasubiri kwa namna ambayo sijaiona tena maishani. Tukisema naye mzima, basi wameua mtu bure, na mtu aliyeua bure ana njia mbili, kulia au kuwamaliza walioshuhudia. Tukisema hatujui, uongo wa Koku unakufa na Paskazia anakufa nao. Watu wa vibanda vingine vya marudio walikuwa wamebanwa kando ya mwalo, wameshika sabuni zao. Nilimtazama Koku, Koku akafumba macho.

Dokta Ishengoma ndiye aliyesema. Alivua miwani kwanza.

"Huyo alikuwa nao," alisema. "Ni huyo peke yake. Wengine wote kwenye ramani ni wazima."

Nikasikia pumzi zinatoka vifuani mwa watu. Mmoja alisema Mungu mkubwa. Wale wa marudio walianza kulia, wakakumbatiwa na majirani waliokuwa wamewakimbia muda mfupi tu uliopita. Waliomkalia Mayenga wakamwachia. Nilitegemea amkimbilie kaka yake. Alisimama, uso umejaa damu, akamtazama Ndalahwa, kisha akajifuta viganja kwenye kaptula yake, pande zote mbili, akarudi nyuma.

Walikichoma kibanda na Ndalahwa ndani yake. Walizisukumia ndani pia nyavu alizokuwa anashona, maana hakuna aliyezitaka. Maige alitusindikiza mpaka mwaloni, akaamuru watu wamlaze Paskazia vizuri kwenye mashua, akampa Dokta mkono. Na Dokta akaupokea.

Tulikuwa mbali na kisiwa, moshi bado unaonekana, Koku amempakata Paskazia na damu ya kichwa chake inatiririka mpaka kwenye damu ya mwenzake, ndipo Mutalemwa akasema.

"Mmetoa majibu ambayo hayapo. Ndalahwa hatukujua chochote juu yake."

Hakusema kwa ubaya. Nadhani alikuwa anajisemea tu, anajaribu kuyapanga mambo yakae sawa. Nikampiga ngumi. Nikampiga nyingine, akaanguka juu ya sanduku la damu, na nilikuwa nakwenda kwa ya tatu nahodha aliponishika. Dokta alikuwa ameingiza mikono majini, anaiosha, anaiosha. Hakuna aliyetuamulia zaidi ya nahodha. Mutalemwa alikaa akashika pua yake na kulia, na mimi nikaona aibu, lakini hasira haikunitoka.

Polisi walikwenda kisiwani. Walikuta majivu na watu ambao siku hiyo walikuwa wamekwenda kuvua. Mayenga alikuwa amehama, na aliyemwona mwisho alisema alikuwa anaomba kazi kisiwa kingine na hakutaja kama aliwahi kuwa na kaka. Maige waliongea naye kwenye kiti cha nje, akawapa samaki.

Paskazia alilazwa Bukoba. Walimtoa mabaki ya jicho, wakamfunga mbavu, wakampaka dawa kifua kilichoungua. Tulipokwenda kumwona, Koku na mimi, alikuwa anaweza kuongea. Alimshika Koku mkono kabla hata hajaketi.

"Munywani, nilikusikia," alisema. "Niko chini pale, nasikia kila kitu. Ulisema mimi ni mzima. Unajua nimeishi na wasiwasi huo miaka mingapi? Mume wangu alikuwa wa safari za Uganda. Kila nikikohoa najiuliza. Sasa jicho limekwenda, nalia, lakini usiku nalala. Angalau najua."

Koku alinitazama. Ningemzuia kama ningejua namna ya kumzuia. Nilifikiri, mwache, mwanamke ana kitu kimoja kizuri mkononi, mwache nacho. Lakini Koku alikuwa amekwisha kumdanganya mbele ya umati, na kumdanganya tena wakiwa wameshikana mikono hakuweza.

"Paskazia," alisema, "mimi sikuyaona majibu yako. Hakuna majibu. Damu yako ilioza kabla ya kupimwa. Wewe na wengine wote wa marudio, ndiyo sababu tulirudi. Nilisema vile ili wakuache."

Paskazia hakuuachia mkono wake. Alitazama juu kwa jicho lile moja.

"Na Ndalahwa?"

"Naye hatujui," nilijibu mimi. "Ilikuwa hivyohivyo."

"Kwa hiyo walinipiga kwa kitu ambacho hata ninyi hamkijui."

"Ndiyo," Koku alisema.

Alicheka, na mbavu zikamuuma akaacha. Kisha akamvuta Koku karibu kama anataka kumnong'oneza, na kwa mkono wake mwingine akamzaba kofi ambalo wagonjwa wa vitanda vya jirani walikaa kitako kulitazama. Lilikuwa upande uleule wa jeraha la kasia. Koku hakujikinga. Paskazia akainua mkono tena, ukakosa nguvu, ukaanguka juu ya blanketi.

Mimi ni mtu wa maabara, na mtu wa maabara akikosa la kusema hutafuta sindano. Nilimwambia ninayo chupa safi, umeme upo, nitampima mwenyewe leo na jibu litakuwa lake peke yake, sharti au si sharti. Nilikuwa nimeshafungua mfuko.

"Ukinikuta ninao," aliniuliza, "Maige atakuwa alifanya haki?"

"Hapana."

"Na ukinikuta sina, jicho litarudi?"

Nikauweka mfuko chini.

"Basi funga mfuko wako. Jibu langu ni lile alilolisema huyu mbele ya watu. Nimelilipia jicho, Burhani. Sitaki jingine." Akaugeuza uso ukutani. "Nendeni sasa. Koku, wewe utakuja kesho, na uje na uji, siyo maneno."

Koku alitangulia kutoka, ameshika shavu. Nje ya wodi, kwenye benchi, alikuwa ameketi mama mmoja mzee mwenye kapu la ndizi zilizofungwa kwa majani, miguu ina vumbi jekundu la barabara ya Nshamba. Alikuwa Kokwijuka, mama yake Paskazia. Habari zilimfikia nusunusu, na kila aliyekutana naye njiani alikuwa amemwongezea yake. Aliona koti langu jeupe akasimama kwa shida, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Waitu, baba, wewe ni wa damu, wamenionyesha," alisema, kwa adabu ya Kihaya na kwa sauti ya chini, ili walio karibu wasisikie. "Niambie ukweli, mimi ni mtu mzima. Mwanangu ana nini?"

Watu wote walikuwa wameniuliza swali hilo kwa namna moja au nyingine tangu nianze kazi ile. Nikamshikia kapu lake, maana lilikuwa zito.

"Jicho, mama," nilimwambia. "Amepoteza jicho, na mbavu zinamuuma. Mlishe taratibu."